Jembe Bega la Kushoto

Sogeeni karibu, wanangu, mnaotaka kusikia. Mwenye simu aizime, mwenye mtoto ampe ziwa atulie. Nikianza sirudii nyuma, maana habari hii inanichosha.

Nilipokuwa mtoto, kwetu upande wa Handeni, ukimwona mwanamke amebeba jembe bega la kushoto, humsalimii. Anakwenda kuchimba dawa. Tangu anavuka kizingiti mpaka mzizi uingie chunguni, hasemi neno, na jina la mti ule halitajwi. Likitajwa mbele ya mti wenyewe, umeshasikia kuwa unatafutwa na dawa imeondoka. Utakachochimba ni kuni. Ndivyo tulivyolelewa, wala hatukuuliza kwa nini.

Bibi yangu, mzaa mama, ndiye aliyekuwa akizalisha wanawake wa pale kwetu. Siku mama alipojifungua mdogo wangu Zaina, damu haikukata. Asubuhi Bibi akaweka jembe begani, kushoto, akanishika mkono. Nilikuwa na miaka kama saba. Alinichukua kwa ajili ya macho. Alikuwa akisema ni moshi wa jikoni umemwingia, lakini mimi ndiye niliyekuwa namtungia uzi kwenye sindano, na nilijua haukuwa moshi.

Njiani tulikutana na jirani anatoka kuokota kuni. Akaliona lile jembe, akaingia kwenye nyasi kutupisha, kimya. Tukapanda kilima. Bibi akawa anagusa vichaka kimoja kimoja. Mbele ya kimoja akasimama. Akasugua jani kwa vidole, akanusa, akasugua tena. Jembe akaliinua, akalishusha. Halafu akanigeuzia uso, kama mtu anayeuliza.

Mimi nami nilikuwa mtoto wa kujua vitu, mdomo mbele. Nikafurahi kuulizwa. "Ndio huu, Bibi!" nikasema, na jina nikalitaja, kwa sauti.

Jembe likamponyoka. "Umeuambia," alisema. Basi. Hakunipiga. Tulirudi mikono mitupu, na kabla ya adhuhuri mama alikuwa ameshafunikwa.

Msibani nikawasikia wanawake wakimwuliza, "Mbona hukuchimba, mama?" Bibi akajibu, "Mdomo wa mtoto huyu." Alisema mara moja tu. Ilitosha.

Sikumbuki kulia. Nakumbuka mkeka, na nzi juu ya bakuli la uji. Nakumbuka pia kwamba tangu siku ile nilisema yale ya lazima tu. Wenzangu wakaniita Bubu. Zaina nilimbeba mgongoni mpaka akatembea, lakini kumsemesha nilishindwa. Nilikuwa naona nimemnyang'anya mama yake. Hata mume wangu, Mungu amrehemu, aliwatania wenziwe, "Nyie mmeoa redio, mimi nimeoa mtungi." Wakacheka, nami nikacheka. Ndani palikuwa kama mguu ulioukalia mpaka ukaingia ganzi. Unajua upo, ila si wako.

Miaka sitini na ushei ikapita hivyo. Majuzi akaja binti kutoka Korogwe, Neema, mwanafunzi wa chuo, anazunguka kupiga picha mimea ya porini na kuandika majina tunayoiita, kabla wazee hatujaondoka nayo.

"Shikamoo, bibi. Nimeambiwa wewe unaijua yote."

"Marahaba. Wamekudanganya. Twende."

Neema hapigi picha ua peke yake. Anapiga jani mbele, analigeuza anapiga mgongo, anapiga gome, tunda, na rula anaiweka kando. "Ni kama kitambulisho, bibi. Lazima pande zote." Mimi jina sikuwa namwambia palepale. Nilimvuta tukatembea hatua ishirini, ndipo nikamnong'oneza. Siku ya pili akashindwa kuvumilia. "Bibi, kumbe sisi tunaisengenya mimea!" Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Siku hiyohiyo, kule mtoni, tulifika kwenye ule mti wa dawa ya Bibi. Akaupiga picha. Jina akaniuliza, nikamwambia huu uache. Hakunibana.

Kesho yake akataka tupande kile kilima. Sikuwa nimekikanyaga tangu utotoni. Huko juu nikamwonyesha kichaka, nikasema, huu ni uleule wa jana, usinisumbue. Akainama, akageuza jani, akakaa sana.

"Sio huu, bibi. Njoo utazame."

Akaweka picha mbili kwenye simu, akazikuza. Jani la mtoni mgongo wake laini. La kilimani lina manyoya madogo, kama shingo ya ndama. "Inafanana sura tu," alisema. "Mtu asiyeona vizuri hawezi kuitofautisha." Tukazunguka kilima chote mpaka jua likawa la utosini. Ule wa mtoni hatukuuona hata mmoja.

Nikashika jani, nikalisugua kama Bibi. Macho yangu nayo sasa yana moshi, lakini vidole vilihisi manyoya mara moja. Basi nikajua kwamba Bibi naye alijua. Kilima kilikuwa karibu, mto mbali. Macho yalimwambia mti upo huku juu, vidole vikamwambia ukweli wakati muda umekwisha. Angewaambiaje wale wanawake, yeye aliyewazalisha wote, kwamba haoni? Mdomo wangu ndio uliokuwa karibu. Na damu ile pengine isingesikia mzizi wowote.

Nilisubiri hasira inipande. Haikupanda. Nikamwuliza Neema kama amekula.

Tulirudi mtoni. Nilisimama mbele ya ule mti, nikijua sasa kuwa jani halina masikio. Mimi najua, mdomo haujui. Nikatembea hatua ishirini. Neema akanifuata, na safari hii hakucheka. Nikamwambia jina.

Kisha nikapanda gari mpaka Segera, anakouza machungwa Zaina. Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Akaacha kumenya, kisu mkononi.

"Dada," alisema, "kumbe ulikuwa unanyamazia hilo? Mimi nilijua hunisemeshi kwa sababu ni mimi niliyemwua mama."

Mteja akaja, akahudumiwa, akaenda.

Jembe la Bibi alilichukua mjomba, likaishia kwenye palizi la mahindi. Kanga za mama ndizo alizobebewa Zaina mgongoni, mpaka zikachanika. Sindano ninayo, na siku hizi mjukuu wangu ndiye anayenitungia uzi. Jina la mti analo Neema, ameliandika chini ya picha, ya mbele na ya mgongo. Kunyamaza nilidhani nimerithi peke yangu. Kumbe nusu alikuwa nayo Zaina.