Miguu Yenye Mawese

Mawese yakichemka mahali, harufu hunifikia kabla sijaona moshi, na hadi leo jambo la kwanza nitazamalo ni miguu yangu. Iko safi, imevaa viatu. Lakini mimi huiona ilivyokuwa kule Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, myekundu mpaka vifundoni.

Mama aliyenilea hakunizaa. Mama mzazi alifariki nikiwa bado nanyonya, na baba akamuoa Tatu, mwanamke kutoka Kigwena ambaye hakujaliwa mtoto. Mtaani walimwita Mama Asha, kwa jina langu, na alikuwa anaitika kabla hujamaliza kuita. Yeye alichemsha machikichi, mimi nikayakanyaga ndani ya pipa lililokatwa. Nikizubaa, nayasikia: "Asha, unalala macho wazi? Kanyaga!" Alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu, nami nilikuwa mvivu.

Miaka michache baada ya uhuru, Mwarabu mmoja mwenye duka alileta mashine ya sinema. Jumapili mchana alionyesha filamu kwenye ghala lake la ndagala, dagaa wetu wa ziwani, madirisha yamezibwa kwa mikeka. Filamu zilikuwa za Wamarekani na hakuna aliyeelewa neno, ndiyo maana Saidi, fundi cherehani, alisimama kando ya shuka lililotundikwa kuonyeshea picha, akitufasiria. Saidi naye hakuelewa neno, ila alikuwa na sauti na hakuwa na haya. Kila filamu aliihamishia kwetu, na watu walimpenda kuliko filamu yenyewe.

Siku hiyo ilikuwa habari ya msichana wa jikoni mwenye majivu usoni, mtoto wa mfalme, dansi, na nyimbo zisizokwisha. Kwenye nyimbo Saidi alinyamaza, maana hata yeye alikosa uongo wa kuzitosha. Mama alinipeleka mwenyewe, kanipaka mafuta, kanivalisha gauni la Idi. Nilikaa mapajani pake ingawa nilikuwa mkubwa.

Akatokea bibi mmoja kidevu juu, akimtuma yule msichana huku na huku. Saidi akasema, "Munamuona huyu? Ni mama wa kambo. Anatuma mutoto akanyage mawese mpaka miguu inakuwa myekundu, yeye iko anakula tu." Ghala zima likacheka. Kisha vichwa vikaanza kugeuka, wakatutazama mimi na mama.

Mara msichana akapoteza kiatu, nami nikaangua kilio. Nililia kiatu, jamani. Kilikuwa kizuri mno, na mimi sikuwahi kuwa na changu. Lakini mwanamke aliyekaa nyuma yetu akasema, "Masikini, mutoto anajiona mwenyewe." Nilitaka kumwambia sivyo, ulimi ukagoma kwa aibu. Mama akanishusha mapajani taratibu, akatoka peke yake.

Kuanzia kesho yake alikanyaga machikichi mwenyewe. Nikivunja chungu, aliniambia, "Si kitu, Asha." Kipande kikubwa cha samaki kilikuwa changu, hasa watu wakiwepo. Idi iliyofuata akaninunulia viatu vya plastiki. Nikadhani nimepata. Mtaani wakaacha kumwita Mama Asha, wakawa wanamwita Tatu, naye akawa anaitika polepole. Nilikuwa naona haya kuongozana naye sokoni, na yeye alilijua hilo, akawa anatembea nyuma kidogo. Nilichelewa sana kuelewa kwamba wema wote ule ulikuwa woga.

Mwaka wa sabini na mbili, vurugu za mauaji zilipotufikia, tulikimbilia ziwani. Baba alikuwa safarini Uvira. Mama akapata nafasi kwenye mtumbwi, akanivuta ndani, kiatu changu kimoja kikabaki kwenye tope. Nikaruka kukifuata. Akanikamata shingoni, akanizaba kofi lililonizibua masikio.

"Asha, uko mupumbavu? Unataka kufa juu ya kiatu?"

Kijana mmoja akanyoosha mkono amzuie. Mzee aliyeshika kasia akamwambia, "Muache. Iko mama yake."

Mama alisikia. Akageuza uso upande wa maji, akajifuta macho kwa kanga. Nilikaa na mguu mmoja mtupu, shavu linawaka, nikiona aibu ya miaka yote niliyomwacha awe mgeni nyumbani kwake, kwa sababu ya neno moja ambalo sikulisema ghalani. Nikamwita.

Akaitika kabla sijamaliza.