Kisigino cha Kushoto

Sijui kama mimi ndiye wa kuandika habari hii. Shule niliishia darasa la nne, na mambo mengi hapa niliyaona peke yangu, kwa hiyo hakuna wa kunisahihisha. Lakini watu wakiniuliza nilifikaje Uganda kucheza mpira wa kikapu kwa mshahara, wakati ambapo vijana wengi wa Nakuru hawakuwahi kuushika mpira wenyewe, huwa nawajibu kwamba nilipata bahati. Si uongo. Ila sijamaliza kusema.

Tulikuwa tukicheza mtaa wa Bondeni, nyuma ya ukumbi, juu ya udongo mwekundu wa murram ulioshindiliwa. Pete zetu zilikuwa za mapipa. Wakati wa kiangazi upepo ulitoka ziwani na vumbi jeupe la magadi, tukamaliza mchezo macho yamekuwa mekundu kama ya walevi. Aliyetufundisha alikuwa Mgoa, karani wa stesheni, mtu mpole aliyekuja uwanjani na tai yake. Kwa kuwa mimi ni mfupi, alinipa kazi ya kupandisha mpira: kuutoa kwetu, kuvuka nao katikati, na kuamua nani apewe.

"Wewe usiangalie pete," aliniambia. "Pete haiendi mahali. Angalia wenzako."

Basi nikawaangalia, hasa wawili. Mmoja alikuwa seremala, mrefu sana, ambaye alisimama chini ya pete na hakupenda haraka. Akitaka mpira alitanua vidole. Mwingine alicheza pembeni. Huyo alikuwa tarishi wa ofisi ya serikali, mwepesi kutushinda sote, na hakuwa mtu wa kuita wala kunyoosha mkono. Kabla hajakimbilia pete, kisigino chake cha kushoto kilinyanyuka na ncha ya kiatu ikageuka nje, kama mtu anayezima sigara. Nadhani mwenyewe hakujua. Kisigino kikipanda, mimi mpira nimeshauachilia. Watu walisema tumeenda kwa mganga.

Wote wawili walikuwa Wakikuyu. Mimi kwa baba ni Mluhya, na kipande changu cha kitambulisho kiliandikwa hivyo, lakini mama yangu ni Mkikuyu, mzaliwa wa shamba la mzungu upande wa Njoro. Siku zile za Emajensi, serikali ilipokuwa ikiwasaka Mau Mau kati ya Wakikuyu, neno hilo hukulitoa mdomoni. Baba alikuwa amekwisha kufa, na pale uwanjani aliyelijua ni tarishi peke yake, kwa sababu alikula kwetu mara nyingi, na mama alipenda kuongea naye kwa lugha yao.

Ndipo Mgoa akaleta habari kwamba Mhindi mmoja mwenye kiwanda cha pamba Kampala ana timu, na anatualika. Akimpenda mchezaji, anaweza kumwajiri. Mchana yuko kiwandani kwa jina tu, jioni yuko uwanjani, mshahara ni huo.

"Nikipata hiyo sishiki randa tena," seremala akasema.

"Wewe utagonga kichwa kwenye mlango wa treni urudi nyumbani," tarishi akamtania. "Huyu kifupi ndiye atapita."

Wiki ya kusafiri, asubuhi mapema, malori yakaja. Wanaume wote wa mtaa tulikusanywa na kuketishwa chini, pale pale kwenye uwanja wetu. Chini ya pete alisimama mtu aliyevikwa gunia kutoka kichwani hadi magotini, limetobolewa matundu ya macho. Tulipita mbele yake mmoja mmoja. Akitikisa kichwa, hom gadi, wale askari wa mtaani wa serikali, wanakuvuta mpaka kwenye lori. Asipotikisa, unaenda zako.

Wengine waliyatazama yale matundu. Mimi, kwa mazoea tu, nilitazama miguu. Alikuwa amevaa buti za polisi.

Seremala alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Aliposimama mbele ya gunia, kisigino cha buti la kushoto kikanyanyuka, ncha ikageuka nje. Kisha gunia likatikisika.

"Mimi?" seremala akauliza, kwa sauti ile ile aliyomuulizia refa.

"Wewe. Twende."

Zamu yangu ikafika. Kisigino kikapanda. Nilikiona, na kikakaa juu. Halafu kikashuka polepole. Gunia halikutikisika.

"Pita," hom gadi akasema. "Ama umeota mizizi?"

Sasa hapa nataka kwenda pole, nisimwonee mtu. Uso sikuuona. Buti za polisi zinabana, na mtu yeyote aliyesimama sana anaweza kuinua kisigino. Ni kweli tarishi hakuwa kwenye mstari, lakini wiki ile alikuwa akilala kwao ofisini, na si yeye peke yake. Na kama alikuwa yeye, sijui alifanywa nini mpaka akaingia ndani ya gunia.

Siku ya safari tulimkuta stesheni ametutangulia, na kibali chake mkononi. Mkikuyu kupata kibali cha kuvuka mpaka wakati ule haikuwa kawaida. Mgoa alisema mkubwa wake ofisini alimsemea. Inawezekana.

"Yule mrefu yuko wapi?" tarishi akauliza.

"Amechukuliwa," Mgoa akajibu.

"Ah." Akapanda behewani, akageukia dirisha.

Njia nzima nilijiambia nicheze kama kawaida. Nilielewa kwamba nikimnyima mpira atajua kuwa namjua, na akijua, siku nyingine gunia halitaniacha, wala mama. Kampala uwanja ulikuwa wa saruji, laini kama sakafu ya benki. Mchezo ukaanza. Kisigino kikapanda, mkono wangu ukakataa. Nikampa mwingine. Kikapanda tena, nikampa mwingine tena. Nilitaka, nasema kweli, lakini mkono ulikuwa kama si wangu.

Wakati wa mapumziko alikuja akaketi karibu yangu, akanipa chupa ya maji.

"Leo huniletei mpira."

"Sikukuona."

"Wewe? Wewe unaona mpaka kwa mgongo." Akacheka kidogo. Kisha akanyoosha miguu yake mbele, akaitazama, halafu akanitazama mimi. "Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Nikirudi nitapita nimsalimie."

Kipindi cha pili nilimpa kila mpira. Alifunga vibaya sana, yaani alifunga mpaka watu wakasimama. Tukashinda. Yule Mhindi akashuka kwa viatu vyake vyeupe, akampita tarishi, akanishika mimi bega. Aliyefunga anaweza kumpata popote, alisema, anamtaka anayegawa. Nikakubali kabla hajataja mshahara. Wenzangu walidhani ni tamaa. Stesheni tarishi alinipa mkono kupitia dirishani, akasema, "Kaa huko huko, kifupi. Kaa vizuri." Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa onyo au huruma.

Nikakaa. Niliichezea timu ya pamba Jinja na Mbale, na mara moja tulivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza. Nilisifiwa kwamba nawajua wachezaji nisiowahi kuwaona. Ni kwa kuwa kila nilipoingia uwanjani nilianza na miguu ya watu, na mara nyingine hata ya watazamaji. Kwa mama nilituma maneno aje. Alijibu kwamba hatoki, ana mahindi yake, na rafiki yangu anamwangalia.

Emajensi ilipokuwa inalegea nikaenda kumwona. Seremala hakuwa amerudi. Mama alikuwa amezeeka lakini mzima, na hakuna aliyewahi kumgusa.

"Rafiki yako ni mtu mzuri," akaniambia akimenya viazi. "Kila mwezi analeta unga. Ila haingii ndani. Nikimwambia kaa unywe chai, anasema ana haraka."

"Anasimama wapi?"

"Hapo mlangoni."

Nikamuuliza, "Akisimama hapo, miguu yake inakuwaje?"

Mama akacheka. "Maswali gani hayo? Mguu mmoja hautulii, kama mtu anayetaka kukimbia. Utamwona mwenyewe. Nimemtumia salamu kwamba umekuja."