Betri ya Boti na Jua la Julai

Sisi tuliokulia mtaa wa Satellite miaka ile ya elfu mbili na kitu, wakati stima ilikuwa kwa mwenye ploti tu, Julai tunaijua kwa harufu: moshi wa makaa, sweta zisizokauka, uji wa wimbi. Ukungu ulishuka hadi kwenye ua wa michongoma, na njiani kwenda shule tulipuliza mvuke mdomoni tukijifanya tunavuta sigara. Watoto wa leo wakihisi baridi hupandisha kioo cha gari.

Baba alikuwa fundi wa kuchaji betri. Kibandani kwake kando ya barabara, kwa stima aliyovuta kwa mwenye ploti, betri za televisheni za majirani zilipangwa juu ya mbao, zikichemka polepole na kutoa harufu ya kukwaruza koo. Betri moja tu haikulala pale. Ilikuwa ya boti. Mwenyewe, daktari mstaafu wa Loresho, alipenda kuvua samaki Naivasha, lakini ikifika Juni kifua chake kilikataa baridi ya ziwani. Boti ilifunikwa turubai, betri ikaletwa kwetu hadi Septemba. Baba aliiweka chini ya kitanda, na kila Jumamosi ya pili aliibeba hadi kibandani, akaichaji, akairudisha.

“Betri ikilala njaa inakufa,” alituambia mimi na dada yangu Wanjiru. “Na hii ikifa, Daktari hataniamini tena. Hakuna kugusa.”

Julai moja Baba akaenda mazishini Murang'a, siku nne. Betri yetu ya televisheni ilikuwa imeisha, na katika kipindi tulichokipenda kuna msichana alikuwa anakaribia kuolewa.

“Kidogo tu,” Wanjiru akasema. “Kwani Baba atajuaje?”

Mama alikuwa sokoni. Tuliunganisha waya za televisheni kwenye betri ya boti. Harusi ikapita, katuni zikapita, hata taarifa ya habari ambayo hatukuwahi kuitazama. Kesho yake picha ikajikunja, ikawa kitone cheupe, kikazimika.

Hatukulia, maana dawa tulikuwa nayo. Nyanya yetu alikuwa akianika mawe ya redio, zile betri ndogo, juani na redio inaimba tena. Basi na ya boti tuianike. Tuliishika huku na huku, tukaipandisha juu ya nyumba ya sungura, tukaielekeza mashariki.

Jua halikuja. Nikifumba macho bado naiona anga ile, nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, na sisi wawili tumekaa juu ya ndoo tukila mahindi ya kuchoma, tukingoja. Mara moja upande wa Muthangari palitokea weupe mwembamba. Tulisimama tukauimbia. Ukafifia. Sungura walitafuna majani chini ya betri ile, na umande ukajikusanya juu yake.

“Jua la Julai!” Mama alisema aliporudi sokoni jioni. “Ngojeni, baba yenu atawaletea.”

Baba alirudi siku ya nne. Alisimama mbele ya nyumba ya sungura na koti lake la mazishi.

“Nani ameanika hii?”

“Tulitaka ishike chaji, Baba.”

Akatugeuzia mgongo, mabega yakitetemeka. Tulidhani analia; kumbe ni kicheko, na hakikudumu. Aliibeba hadi kibandani kabla hata ya kunywa chai, akaichaji polepole siku tatu.

Septemba Daktari alipokuja, tulijificha nyuma ya mlango. Baba hakungoja kuulizwa. “Daktari, hii ilishuka ikaisha kabisa. Watoto wangu waliitumia, halafu wakaianika juani.”

“Itawasha injini?”

“Nimeijaza. Kama itadumu, sijui.”

Daktari aliibeba hadi garini akaondoka. Miezi yote iliyofuata Baba hakulitaja jina lake, nasi hatukuthubutu. Juni ikafika, ukungu ukashuka. Jumamosi moja gari likasimama kibandani, Daktari akashuka amekumbatia betri ileile.

“Fundi,” akasema, “wale wa jua wako wapi?”

Siku hizi kuna chaja zinazoilinda betri miezi yote pasipo mtu kuibeba, na mapaa ya Satellite yamejaa sola. Mwanangu, ambaye simu yake ikibaki na chaji kidogo huugua yeye, hunieleza kwa subira ya mwalimu kwamba jua huchaji betri. Namwacha amalize. Kisha natoka nje, na kama ni Julai, natazama upande wa mashariki.