Bado Vifungo Tu

Mtaani walimwita Bado Vifungo, na jina halikumwonea. Kwa miaka ishirini na miwili, mteja akija kuulizia gauni lake, fundi huyu wa cherehani aliinua uso mpole, akatoa pini mdomoni na kusema, "Njoo kesho, dada yangu. Bado vifungo tu." Wakati huo kitambaa kilikuwa kimekunjwa rafuni kama kilivyoletwa, na mkasi ulikuwa haujakitia jicho. Kwa maoni yake huo haukuwa uongo. Vifungo kweli vilikuwa bado. Hakutaja tu mengine yaliyokuwa bado pamoja navyo.

Kwa hiyo mwenye yadi ya magari alipomwambia, "Njoo kesho, mama yangu, kimebaki kifaa kimoja tu," alijisikia kama mwizi mkongwe anayepapaswa mfuko sokoni. Kwanza hasira, halafu, kwa mbali, heshima ya mtu wa kazi kwa mtu wa kazi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la rangi ya majivu, la mkono wa pili. Mkono wa pili ni lugha ya adabu. Kwa jinsi kiti cha dereva kilivyodidimia, lilikuwa limepita mikono mingi, na walau mwili mmoja wa kuheshimika. Alilinunua kwa ajili ya mama yake. Kiharusi kilikuwa kimemchukua bibi huyo mkono na mguu wa kushoto, kikamwachia ulimi mzima, jambo ambalo ndugu walilishukuru mbele yake na kulijadili nyuma yake. Mtaalamu wa mazoezi pale kliniki alisema maneno machache: kila Jumatano na kila Jumamosi, bila kukosa. "Mkono huu bado unafikiria kama urudi au usirudi. Tukiuachia miezi, utaamua kubaki huko huko."

Gari lilikuwa na maoni tofauti. Katikati ya safari mshale wa joto ulipanda kama homa ya mtoto, moshi mweupe ukachungulia kwenye boneti, na mama na binti wakakaa kando ya barabara kusubiri chuma kipoe huku saa ya mazoezi ikipita. Juu ya hayo, mlango wa abiria ulifunguka kwa nje tu. Kitasa cha ndani kilikuwa pambo.

"Sasa nimekuwa mzigo rasmi," alisema mama. "Hata mlango umeshajua."

Karatasi ya mauzo, yenye muhuri wa bluu, ilisema hivi: hitilafu yoyote itakayojitokeza ndani ya siku tisini itarekebishwa na muuzaji. Bado Vifungo alikwenda yadi mara ya kwanza siku ya thelathini. Akapewa kesho ya heshima. Akarudi, akapewa kesho ya umeme umekatika. Ikafuata kesho ya fundi kafiwa na shangazi, kisha ya shangazi mwingine, kisha kesho ndefu ya rejeta iko njiani. Alizipokea zote kwa uvumilivu, kwa sababu zote alikuwa nazo dukani kwake.

Jumapili moja alisimama mbele ya kalenda ya ukutani akahesabu kwa ncha ya sindano. Keshoye ingekuwa siku ya themanini na nne. Hapo ndipo alipoelewa kwamba yule bwana hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa anangoja. Yeye mwenyewe aliijua hila hiyo: gauni la harusi ukilipiga kesho hadi harusi ipite, mteja hupoa mwenyewe.

"Mama," alisema, "yule bwana ananifanyia kazi yangu."

Mama yake alikuwa akimenya chungwa kwa mkono mmoja, akilibana gotini, na hakutaka msaada. "Na katika kazi yako hiyo, mteja gani alikushinda?"

"Sijashindwa na mteja mimi."

"Mwongo. Na yule mke wa mwalimu?"

Kweli. Mke wa mwalimu hakugomba. Mteja anayegomba unampa pole, anapumua, anaondoka. Yule aliingia na sufu yake ya kufuma, akaketi kwenye benchi, akasema, "Endelea tu, mwenzangu, mie sina haraka," na akakaa. Kila mteja aliyeingia alimkuta pale kama tangazo. Kufikia alasiri gauni lilikuwa tayari, pamoja na vifungo.

"Basi nenda ukakae," alisema mama. "Makalio hayo sikukuzaa nayo kwa ajili ya kiti cha cherehani peke yake."

Jumatatu asubuhi alikuwa kwenye kochi la wateja pale yadi, na miguuni pake mfuko wa mashati ya shule yanayosubiri pindo. Mwenye yadi, mtu mnene mwenye mkungu wa funguo kidoleni, alimjia amefungua mikono.

"Karibu, mama yangu! Nilikuwa ndiyo nataka kukupigia simu."

"Basi nimekuokolea salio."

"Rejeta bado njiani. Lakini kesho, asubuhi kabisa..."

"Sawa. Nitaisubiri."

"Vizuri sana, mama yangu."

"Hapa hapa," alisema, akatunga uzi. "Nimekuja na kazi."

Mwenye yadi alicheka. Saa nne alikuwa bado anatabasamu. Saa tano wakaingia mtu na mkewe kutazama gari la buluu lililong'arishwa matairi, na mke, kwa kupitisha muda, akamuuliza fundi, "Nawe umekuja kununua, dada?"

"Mie nilishanunua. Leo siku ya themanini na nne. Nasubiri rejeta."

Akang'ata uzi. Mume na mke walitazamana kwa namna ambayo watu waliooana zamani hutazamana, wakasema wanakwenda kufikiri kidogo. Na yeye alijua kwamba "kufikiri kidogo" ni kesho ya mteja.

"Mama yangu, unaniharibia biashara," alinong'ona mwenye yadi.

"Mie? Nimekusifia. Watu wamejua kwamba gari lako likiharibika, mtu anapewa kochi."

Jumanne mambo yaligeuka. Karani wa yadi, mwanamke mrefu aliyekuwa likizo, alirudi kazini, akaweka mkoba mezani, akamwona mtu wa kochini na kusimama.

"Samahani. Wewe si Bado Vifungo?"

Sindano ilimchoma fundi kidole.

"Gauni langu la zambarau," alisema karani, kwa sauti ya mtu anayesoma hati ya zamani. "Lilikuwa la mahafali ya mdogo wangu. Uliniambia kesho. Mdogo wangu alihitimu, akaolewa, na mwanawe sasa anatembea."

Mwenye yadi alicheka hadi akashika meza. "Kumbe! Mwizi kamshtaki mwizi!" Akapangusa macho. "Sasa, mama yangu, wa kumlaumu mwenzake hapa ni nani?"

Bado Vifungo alikunja mashati, akainuka, akatoka. Mwenye yadi alimsindikiza hadi getini kwa ukarimu wa mshindi.

Baada ya saa moja bodaboda ilisimama pale pale getini. Mwanamke yule yule alishuka, amekumbatia cherehani ya mkono kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto, na kitambaa cha zambarau kimekunjwa begani vile vile kilivyokunjwa siku kilipoletwa. Akasukuma kando majarida ya magari, akaweka cherehani mezani, akavuta utepe wa kupimia shingoni.

"Simama," alimwambia karani. "Umeongezeka kiunoni."

"Nilikuwa nasubiri. Kusubiri kunanenepesha."

"Nyanyua mikono. Na unisamehe."

"Kusamehe ni kesho," alisema karani, akinyanyua mikono. "Kwanza gauni."

Cherehani ikaanza kulia katika ofisi ya magari. Mteja mmoja alidhani ni zawadi inayotolewa pamoja na kila gari, akauliza kama anaweza kuchagua rangi. Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa hajashona hivyo kwa miaka: bila redio, bila porojo, bila mahali pa kukimbilia. Saa nane mikono ilikuwa imeingia. Saa tisa, pindo. Saa tisa na nusu alishika kifungo cha kwanza, akatazama huku na huku kama mtu anayeshuhudia jambo la kihistoria, akakishona. Vilikuwa saba.

Karani alikwenda kuvaa. Akarudi akajitazama kwenye kioo cha gari la buluu, mbele, nyuma, ubavuni, na wateja wawili waliokuwepo wakasahau injini. Kisha akamgeukia mwajiri wake.

"Bosi, rejeta ya mama huyu iko stoo. Rafu ya chini, nyuma ya matairi. Ilifika mwezi uliopita, niliipokea mimi. Kitasa nacho kipo."

Mwenye yadi alihamishia funguo kidole kingine.

"Ah, ile?" alisema mwenye yadi. "Ile nilidhani ni ya gari jingine."

"Niliiandika namba ya gari lake. Kwa wino mwekundu."

Bado Vifungo alifuta mafuta kwenye cherehani kwa utaratibu. Alikuwa amelisubiri neno hili siku hamsini na tano bila kujua kwamba analisubiri.

"Basi, baba," alisema, "vimebaki vifungo tu."

Fundi wa magari aliitwa. Alitokea uvunguni mwa lori akiwa mzima, na shangazi zake wote wazima pia. Ndiyo kwanza anasikia habari ya rejeta. Akasema ni kazi ya saa mbili.

"Vizuri. Kesho asubuhi kab..." alianza mwenye yadi.

Fundi cherehani akarudi kochini, akajipanga, akafungua mfuko wa mashati. Mmoja wa wale wateja wawili naye akaketi, kuona mwisho wake.

"Leo," alisema mwenye yadi. "Nilitaka kusema leo."

Jumatano walifika kliniki na mshale wa joto umelala katikati kama mtu mwenye dhamiri safi. Bado Vifungo alizima injini, akashika mlango wake ili azunguke kumfungulia mama yake, kama alivyozoea.

"Kaa," alisema mama.

Bibi aliutazama mkono wake wa kushoto uliolala pajani, kama mtu anavyomtazama mtumishi anayejifanya hajaitwa. Mkono ukasogea. Ukapanda kwenye mlango, ukagusa kitasa kipya, ukateleza. Nyuma yao gari likapiga honi. Mkono ukapanda tena, ukateleza tena. Binti alikalia mikono yake mwenyewe ili isisaidie. Honi ikalia mara ya pili, mkono ukapanda mara ya tatu, vidole vikanasa, kitasa kikalia *ta*, na mlango ukaachia upana wa kiganja.

Wote wawili waliutazama ule ufa wa mwanga.

"Umeona?" alisema mama, akihema. "Kesho nitaufungua wote."

"Mama, ndani ya gari hili neno hilo ni marufuku."

Mama alifikiri kidogo. Kisha akauvuta mlango kwa mkono wa kulia, akaufunga tena.

"Basi mwambie huyo mwenye honi asubiri," alisema, na mkono wa kushoto ukaanza kupanda.