Kadi ya Kitanda

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu huko Ruring'u, na alikuwa akisikia watu kwenye dari. Akimeza vidonge vyake, watu hao walinyamaza. Akivikosa, walimfuata mpaka darasani. Kila mwezi alikatwa mshahara kwa ajili ya bima ya serikali, na kadi yake aliitunza ndani ya Biblia.

Siku moja vidonge vya bure vilikwisha hospitalini, akaitoa kadi. Karani alimtazama kwa huruma.

"Mwalimu, hii kadi ni ya kitanda. Kama haulali kwa wodi, hakuna kitu inalipa."

Yaani bima haikumtambua mtu anayetaka kubaki na akili zake. Ilibidi kwanza zimruke. Na fomu ya kulazwa lazima ipigwe muhuri na mwalimu mkuu, ambaye akishaiona hangemrudisha baba darasani tena.

Mama aliwaza kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kesho yake alivua kitambaa cha kichwani, akavaa sweta ndani nje, wakaenda hospitalini. Kadi ilimruhusu mke pia.

"Kuna mtu kwa dari, daktari," mama alisema. "Ananiita na jina."

"Ni wawili," baba akasahihisha. Mwalimu ni mwalimu.

Mama alilazwa wiki moja, akivificha vidonge vya wodi chini ya ulimi, kisha akaruhusiwa na mfuko wa vingine vya muhula mzima. Daktari alishangaa alivyopona upesi. Tangu hapo aliugua kila likizo ya shule. Akina mama wa kanisa walifunga na kumwombea, na wakaacha kumwachia watoto wao. Niliwachukia, nikamwambia hivyo.

"Waache waombe," alisema. "Baba yako anayahitaji hayo maombi."

Baba alipostaafu, bila kukosa kipindi hata kimoja, mwalimu mkuu alimsifu mbele ya wazazi wote: ati mwanamume aliyevumilia mke mgonjwa miaka yote hiyo bila kumrudisha kwao.

Baba alisimama kujibu.

"Huyu mama si mgonjwa," alianza. "Mimi ndio..."

Mama akaanza kupiga makofi. Watu wakamfuata, naye hakuacha mpaka baba alipoketi.