Reli ya Kutoka Sebuleni Hadi Jikoni

Jamani, kabla hamjaendelea kuniita Stesheni Masta kwenye mstari wa asubuhi, niacheni niwaandikie mwenyewe, maana habari inayozunguka bwenini ina uongo mwingi (eti treni ilimgonga mkwe, eti Mama alizimia, eti mimi nililala porini na fisi), na ubaya ni kwamba ukweli unatia aibu kuliko huo uongo. Mpaka leo nikisikia honi, hata ya bodaboda tu, masikio yanawaka moto.

Treni yenyewe aliileta baba mdogo, fundi umeme kwenye kambi moja ya watalii kule Robanda. Kuna familia ya wageni walisafiri nayo ili mtoto wao asisumbue, mtoto akaona tembo, akaisahau treni, basi wakamwachia baba mdogo kila kitu: vipande vya reli, kichwa chekundu, mabehewa mawili ya wazi, na programu ya kuiendeshea, ambayo ilikuwa kwenye kishikwambi cha baba mdogo chenye kioo kilichopasuka, nacho akaniachia. Ukigusa mshale wa mbele inaenda, ukigusa wa nyuma inarudi, kuna kitufe cha honi, na kuna duara jekundu la kusimamisha. Kwetu Machochwe watu wanajua ng'ombe, mahindi na tembo wa kula hayo mahindi, treni hapana. Baba alipoiona mara ya kwanza alipandisha miguu juu ya kiti akauliza, "Hiyo jongoo inauma?"

Likizo ilipofika katikati, ikaja siku ya wageni wa dada Rhobi. Dada yangu alikuwa amempata Mwita wa Kerende, fundi wa magari, mrefu, mpole, mwenye tabasamu la kwenye kalenda, na siku hiyo Mwita alikuja na baba yake mkubwa, Mzee Chacha, kuzungumza na Baba. Rhobi hakulala. Alikuwa ameniambia mapema, "Ryoba, ukiharibu leo, mimi nitaolewa na nani? Na wewe?" Nikamwapia kwamba nitakuwa mtulivu kama gunia.

Sasa lazima mwelewe jambo moja, hasa ninyi mliokuja huku kwa sababu wazazi wenu ni walimu na manesi waliopangiwa kazi. Kwetu kuna nsoni, yaani ile heshima ya kuoneana haya, na kati ya mkwe na mama mkwe ndiyo kali kuliko zote. Hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkono kwa mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani. Na kula? Mama mkwe kuuona mdomo wa mkwe ukitafuna ni jambo la kuitisha wazee. Kwa hiyo wanaume walikaa sebuleni, Mama akakaa jikoni nyuma ya pazia, na kati yao nikawekwa mimi, wa kukimbia na sahani. Chumvi! Nakimbia. Maji! Nakimbia. Pilipili! Jamani, miguu ni yangu miwili tu.

Ndipo nikaamua kitu kidogo sana, ambacho kwa akili ya siku ile kilionekana ni maendeleo. Chini ya ukuta kati ya sebule na jikoni kuna tundu anapopitia paka. Nikatandaza reli kutoka pembeni ya kiti cha mgeni, zikapita tunduni, zikaishia miguuni kwa Mama, ambapo niliweka mfuko wa unga kama kizuizi. Mimi ningesimama mlangoni pa pazia na kishikwambi, vitu viende vyenyewe.

"Mama, unaonaje?"

"Ilimradi mimi nisionekane," Mama akasema, akipepea mkaa, "hata ukitumia punda."

Ilifanya kazi, tena vizuri mno. Chumvi ilifika, pilipili ikafika, kikopo cha vijiti vya meno kikaingia sebuleni na honi juu, na Mzee Chacha (ambaye alikuja amenuna kama ameshaibiwa ng'ombe) akaacha mfupa hewani akasema, "Hee mura," yaani kijana, "nyumba hii ina reli!" Baba, yule yule aliyepandisha miguu, akajibu bila aibu, "Ni vitu vya kawaida hapa." Mambo yakalainika. Walikuwa wameanza hata kucheka pamoja, na nyuma ya dirisha nilimwona Rhobi amekunja ngumi mbili za furaha.

Kitu ambacho hakikulainika ni nyama. Baba alichinja dume lililolima miaka mingi. Nilimwona Mwita anatafuna, anasimama, anatafuna upande mwingine, kisha akakohoa, akafunika mdomo kwa tishu, na baada ya hapo akanyamaza kabisa. Nikamwona anapapasa mfuko wa koti, mfuko haufunguki (suti mpya, mifuko bado ina uzi wa kiwandani), anapapasa wa pili, nao vile vile. Halafu akainama pale treni iliposimama, kama anafunga kamba ya kiatu. Mimi nikadhani ni haya ya ukwe. Nikamwona mwungwana.

Wakati huo huo Mzee Chacha akanyoosha mkono. "Lete hapa hicho kioo, mura. Na mimi niendeshe kabla sijafa."

Utamnyima? Nikampa. Alikuwa amekaa kona ya mbali kabisa, na hapa ndipo ujuzi wangu wote ulipolala usingizi, kwa sababu nilijua wazi kwamba mawasiliano ya kile kishikwambi hayapiti tofali, ndiyo maana nilikuwa nasimama mlangoni. Na ile treni ikipoteza mawasiliano haisimami. Inashika amri ya mwisho, inaendelea nayo.

Mzee akabandika dole gumba kwenye mshale wa mbele kama anaweka saini. Treni ikaruka kutoka stesheni. Na hapo Mwita, mtu mpole, mtu ambaye hajapaza sauti tangu afike, akanyanyuka nusu na kutoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu:

"Thimamitha! Thimamitha!"

"Anasema nini?" Baba akauliza.

Mzee akabonyeza, nikabonyeza, tukabonyeza wote wawili duara jekundu mpaka kioo kikalia kwaa, lakini kichwa cha treni kilikuwa kimeshapita tofali. Kwenye behewa la nyuma niliona kitu cheupe, tishu iliyokunjwa, kikiyumba yumba, kikainama kwenye kona, kikaingia tunduni. Kikapotea. Kishikwambi kikaandika kwamba chombo hakionekani.

Kutoka jikoni tukasikia treni ikigota kwenye unga. Kisha sauti ya Mama, tulivu: "Wamerudisha nini tena hawa?" Alidhani ni kipande cha nyama kilichowashinda. Akafunua tishu kwa ncha ya mwiko.

Nimesikia mayowe ya watu simba akiingia zizini. Yale hayakuwa hivyo. Yale yalikuwa ya mtu anayejua anaangalia nini. Pazia likaruka, na Mama, bila kilemba, unga usoni, mwiko mkononi, akatokea katikati ya sebule akipiga kelele, "Yananicheka! Yananicheka!" na akasimama uso kwa uso na mkwe wake, ambaye alikuwa ameinuka, mdomo wazi, na mbele pale palipokuwa na tabasamu la kalenda palikuwa na mlango.

Mwita aliruka nyuma ya kochi, akajikunja huko, miguu ikabaki nje. Mama alijifunika uso kwa kitu cha karibu, ambacho kilikuwa ni kofia ya Mzee Chacha, ikiwa bado kichwani kwa Mzee Chacha. Baba alikuwa anatazama ukuta kama vile yeye si wa nyumba hii.

Mimi nilishtuka mpaka akili ikagawanyika, nusu moja ikaniambia kimbia, nusu nyingine ikaniambia irudishe. Nikanyakua kishikwambi, nikasogea mlangoni nikiubonyeza mshale wa nyuma bila hesabu, na mawasiliano yakarudi, na kidole kikagusa na honi.

Puuuu! Puuuu!

Taratibu, kwa heshima zote, treni ikatoka tunduni kinyumenyume, ikapita mbele ya watu wote, tishu imefunguka kama ua, na katikati yake yamekaa meno manne ya bandia na ufizi wake wa waridi. Ikasimama mbele ya Baba.

"Haya ni ya nani?" Baba akauliza. Kwa kweli aliuliza.

"Mimi niliyobakiza yote yamesimama," Mzee Chacha akasema haraka, akijigusa.

Ndipo Rhobi akaingia. Uso wake ulikuwa umekauka, na nilijua ndoa yake imelala pale kwenye behewa, na mimi ndiye niliyeileta kwa honi. Akatazama miguu ya Mwita iliyobaki nje, akamtazama Mzee Chacha aliyekuwa ameshashika fimbo yake aondoke. Akainama, akayachukua yale meno, akayasuuza kwenye glasi ya maji ya kunywa, akayapitisha juu ya kochi.

"Vaa," akasema. "Pikipiki ilimwangusha zamani. Mnashangaa nini? Mimi nayajua haya meno. Huwa yanalala kwenye glasi karibu na taa."

Mzee Chacha akaiachia fimbo, akaketi tena, anatabasamu. Mama akaondoa uso kwenye kofia. Na Baba, ambaye mpaka dakika ile alikuwa na mshtuko mmoja tu, akageuka polepole sana kumtazama binti yake.

"Taa ya wapi, Rhobi?"

Nawaambia ukweli, mshtuko wa kwanza ulikuwa mtoto mdogo. Kutoka nyuma ya kochi Mwita, sasa mwenye meno, akasema kwa matamshi safi kabisa, "Shikamoo baba."

Baba aliendelea kumtazama Rhobi. Mimi kidole kikateleza. Puuuu!

Mazungumzo yalivunjika siku ile. Lakini baada ya ile taa, Baba ndiye aliyekuwa na haraka kuliko upande wa bwana harusi, akatuma ujumbe Kerende kabla wiki haijaisha. Tatizo likabaki nsoni: Mama na mkwe wamekutana uso kwa uso, lazima mbuzi achinjwe yaishe. Nani amtoe? Mwita alikuwa amekaa mahali pake, Mama alikuwa mahali pake, Mzee Chacha akasema yeye aligusa kioo tu. Wazee wakakubaliana kwamba atoe yule aliyejenga njia kati ya vyumba viwili. Wakageuka wote kunitazama.

Nilikuwa na beberu mmoja, Kiranja, niliyemlea tangu akiwa wa kunywesha kwa chupa (jina alilipata kwa kugonga watu bila sababu). Nilimfungua kamba mwenyewe.

Siku ya marudiano treni ilikuwa imefungiwa kwenye boksi chini ya kitanda cha Baba. Mama nyuma ya pazia, Mwita kwenye kiti chake, na mimi mbio: chumvi, maji, pilipili. Sitatandaza tena reli mahali ambapo watu wameamua pasiwe na njia, na mkono wa mzee nitaupa chai, kishikwambi kamwe. Miguu yangu ilikuwa inauma lakini nilikuwa na amani.

Mwita akaweka kipande cha Kiranja mdomoni. Akatafuna. Akasimama. Akatafuna upande mwingine. Sebule nzima ikaacha kula, ikamtazama mdomo.

"Shemeji," akaniambia taratibu, bila kuachanisha midomo sana, "naomba mchuzi."

Nikaenda kwa miguu.