Umri wa Ng'ambo ya Daraja

Nililelewa kambini, baba akiwa askari, kwa hiyo Kikonzo changu kinachechemea na ndugu zangu wa Mahango, mlimani, huniongelesha Kiswahili. Kazi yangu iko Mpondwe, penye daraja la mpaka wa Uganda na Kongo, kwa wakala mmoja wa forodha: nasoma karatasi za Kifaransa za malori ya Kongo na kuziandika upya kwa Kiingereza. Kule mlimani kazi hiyo imenipa sifa ya mtu anayejua sheria. Sikuwahi kuikanusha. Napenda kusifiwa, na ni afadhali niseme mapema.

Siku ya matanga ya mjomba tulikaa nyuma ya jiko tukimenya muhogo: mimi, shangazi yangu, na mjukuu wake wa kike. Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Jina lake, kama majina yetu mengi ya Kikonzo, lilionyesha tu kwamba ni binti wa tatu kwa mama yake. Umri ulikuwa kwenye kadi ya kliniki, na kadi alikuwa nayo shangazi.

"Mutoto wangu," shangazi aliniuliza bila kuinua macho, "wewe unasomaka Kifaransa. Kule ngambo, binti anaolewa na miaka ngapi?"

Ningesema sijui, mambo yangeishia hapo. Lakini ofisini kulikuwa na kitabu cha sheria za Kongo, kimepoteza jalada, nilichokuwa nakisoma mvua ikinyesha na malori yakikwama. Nikajibu kwa mbwembwe. Hapa Uganda, nikasema, ni kumi na nane, na mwanamume akimchukua msichana wa chini ya hapo anafungwa, hata kama msichana amekubali, hata kama wazazi wamekwisha kula mbuzi wa mahari. Ng'ambo ni kumi na tano.

"Kumi na tano," shangazi akarudia polepole.

Kisu cha binti kilisimama. Nilidhani amejikata.

Baada ya wiki mbili nikasikia mbuzi wa mahari wamefika kwa shangazi, Mahango. Walitoka kwa mnunuzi wa kahawa wa ng'ambo, mtu mzima aliyefiwa na mkewe, ndugu wa mbali kama walivyo watu wengi wa upande ule. Nikajiambia labda ni kwa binti mwingine. Hapakuwa na mwingine. Wakubwa wake wawili walikwisha kuolewa. Usingizi ulinipaa, na bado sikwenda kuuliza.

Aliyenitoa kwenye kiti ni mama mmoja mkimbizi kutoka Butembo, aliyekuwa mwanasheria kwao. Alikuja ofisini kutoa nakala za vyeti vyake, akakiona kile kitabu kimefunguliwa penye umri wa ndoa, akacheka.

"Hii kitabu iko ya zamani, mama. Ile article ya ndoa walibadilisha. Sasa iko kumi na nane, kwa binti na kwa kijana, sawa na kwenu. Hata wazazi wakubali, haisaidie."

Nilimwomba arudie. Akarudia, safari hii bila kucheka, maana aliuona uso wangu.

Siku ya soko iliyofuata sikufanya kazi. Nilisimama penye daraja tangu asubuhi, nikihofu wangevuka siku hiyo. Siku hizo umati huvuka na mabeseni na magunia, na hakuna anayemuuliza mwanamke umri wa mtoto anayemfuata. Niliwaona karibu saa nne. Shangazi alikuwa mbele, binti nyuma yake amevaa kitenge kipya, kichwani ana beseni lenye nguo zake zote.

Nikawazuia njia. Nikasema kule pia ni kumi na nane.

"Ni wewe ulisema," shangazi akajibu.

"Nilikosea, shangazi. Kitabu kilikuwa kimepitwa na wakati."

"Mbuzi wamekwisha kuja. Wewe unataka nisemeje kwa watu?"

"Mkivuka namwita yule afande." Askari wa kike alikuwa hatua kumi kutoka pale, akipekua gunia la mtu. Nilimwonea shangazi haya, na nilimchukia pia.

Binti aliongea mara moja tu. "Mama mdogo, siku ile nilingoja useme kumi na nane tu, basi."

Shangazi akageuka. Wakashika njia ya Bwera kurudi nyumbani, binti akiwa na beseni lake kichwani. Mbuzi nao walirudishwa, kwa aibu kubwa, na nikaambiwa nisiende Mahango kwa muda.

Nilikwenda mwezi uliopita. Shangazi alinipokea vizuri mno, akanipikia bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake. Alasiri tukakaa tena nyuma ya jiko na kikapu cha muhogo. Binti yupo, bado hajafika kumi na saba.

"Mutoto wangu," shangazi akasema kwa sauti yake ya kawaida, "na kule Tanzania? Iko ngapi?"

Tangu siku ya daraja nilikuwa nimesoma sheria za majirani wote, kwa hofu. Ya Tanzania nilikuwa nimeisoma, na nambari niliyoikuta ilikuwa ndogo kuliko kumi na nane.

"Sijui, shangazi."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakukasirika.

"Hakuna shida. Kuna dereva mumoja wa lori anafikaka kule. Nitamuuliza yeye."

Binti alinitazama, kisha akachukua muhogo mwingine.